Mzunguko wa Karamoja kwa gari mwishoni mwa Machi: Mbale, Moroto, Kidepo, kurudi kwa Kitgum

TaaZaMbele

Habari zenu wakubwa. Tuko wanne, gari ni RAV4 ya petroli ya 2008, foo-wili, matairi yana nusu mwaka. Tunatoka Kampala kwenda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, Jumamosi ya mwisho ya Machi na tuna siku nane. Mpango ni Mbale na Sipi, kushuka Muyembe, kupita Nakapiripirit hadi Moroto, kisha Kotido, Kaabong, hifadhi ya Kidepo, na kurudi kwa Kitgum na Gulu.

Hatuendi kwa ajili ya wanyama peke yake. Tunaitaka ile nchi kavu yenyewe: makorongo, milima ya mawe, na miji midogo ambayo wengi huipita vioo vikiwa juu. Naomba kujua: gari hili litafika? Baada ya Moroto mafuta yakoje? Mwisho wa Machi ni wakati mbaya? Na ni mji gani unastahili kulala, si kunywa chai tu na kuondoka?

Mpanda Kadam

Karibu. Nianze na Machi, maana hapo ndipo safari yenu itapona au itaharibika.

Karamoja ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida Aprili hadi Septemba, na kiangazi kikali Novemba hadi Machi. Kwa hiyo mnakwenda mlango ukiwa unafungwa. Si vibaya. Vumbi linaanza kutulia, majani yanachipua, na Kidepo wanyama bado wamekusanyika bonde la Narus kwa sababu ndilo linalobaki na maji. Ila mjue namna barabara za huko zinavyofungwa. Mtu wa Kampala huangalia wingu lililo juu yake. Mvua itakayokuzuia wewe hunyesha mlimani, Kadam au Moroto au Napak, nawe uko chini kwenye jua kali. Maji yanashuka kwenye laga, yaani mto wa mchanga ulio mkavu karibu mwaka mzima, na yanakufikia yakiwa mekundu, yametanguliza povu na vijiti.

Ukifika kwenye laga, hata ikiwa kavu kabisa, simama ukingoni, zima injini, sikiliza, tazama mlimani upande maji yanakotoka. Kama kule kumefunga kwa wingu jeusi, usiingie na usiegeshe ndani kupiga picha. Kama maji yapo, mmoja avue viatu avuke kwa miguu akishika fimbo, apite pale pale magurudumu yatakapopita, kushoto kisha kulia. Maji yakivuka goti, au yakiwa chini ya goti lakini yanamsukuma mguu, subirini. Laga nyingi hupungua baada ya saa chache tu. Wengi hukwama baada ya hapo: maji yameisha, mchanga juu unang'aa kama umeshikana, kumbe chini bado umeshiba maji. Piga mguu chini kwa nguvu. Ukiona ardhi inatetemeka kama uji uliopoa, bado. Acha lori litangulie.

Adui wa pili ni udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi hadi mkono unaingia. Ukilowa unavimba na kunata. Meno ya tairi yanajaa, tairi linakuwa laini kama chupa, halafu tope linapanda hadi kwenye bodi juu ya gurudumu na gurudumu linagoma kuzunguka. Foo-wili haisaidii kitu hapo, inakuchimbia mashimo manne badala ya mawili. Mvua ya nusu saa inatosha kuiharibu barabara hiyo, na jua zuri la siku moja kwa kawaida linatosha kuikausha juu. Kwa hiyo dawa ni kulala pale ulipo. Kila mpango wa Karamoja uwe na siku moja tupu isiyo na kazi. Wa kwenu hauna.

Sasa njia. Kampala hadi Mbale kwa Tirinyi mnaijua. Kushuka kutoka Sipi kurudi bondeni ni mteremko mrefu wa kona, shukeni kwa gia ya pili mkiiacha injini ishike gari, maana breki zilizopata moto huko juu ndizo zitakazolia siku mbili baadaye. Kutoka Muyembe hadi Nakapiripirit ni kilomita 92, na Nakapiripirit hadi Moroto ni 93, zote lami. Lami hiyo ni nyoofu na inashawishi mguu. Ng'ombe na mbuzi wanaivuka popote, na mchungaji huwa nyuma ya kundi, si mbele. Ukimwona mbuzi mmoja upande wa pili, basi wengine 30 wanakuja. Mnapita ukingo wa hifadhi ya Pian Upe, kisha Namalu, na mlima Kadam unakuwa kulia kwenu karibu saa nzima, mita 3,063 za miamba na mabonde makali.

Baada ya Moroto lami inakuageni. Moroto hadi Kidepo kwa Kotido na Kaabong ni kama kilomita 250 za changarawe na udongo. Msihesabu kilomita, hesabuni saa: sita zikiwa nzuri, nane au zaidi zikiwa zimelowa. Ondokeni jua likichomoza na muwe mmefika kabla ya saa kumi jioni. Usiku hapana, kwa sababu ya barabara na kwa sababu ya usalama.

Fundi Spana

RAV4 itafika ikiwa kavu. Ikilowa, itafika ikiwa na subira. Tatizo lake si nguvu, ni tumbo: limekaa chini, na kati ya Kotido na Kaabong malori yamechimba mifereji miwili yenye mgongo katikati. Usiweke magurudumu ndani ya mifereji hiyo. Weka moja juu ya mgongo na jingine ukingoni, nenda polepole. Kabla ya safari ingia chini ya gari uone kama bamba la kukinga injini lipo na boti zake zote zipo. Mara nyingi boti moja imeanguka zamani na bamba linaning'inia. Laga ya kwanza italing'oa.

Upepo wa matairi. Lami, weka ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi PSI 32 hivi. Changarawe, shusha hadi 28. Mchanga wa laga ukiwa mlaini, 20, na ukitoka ujaze tena kabla hujafika kilomita 40 kwa saa, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata moto na linapasuka ubavuni. Kwa hiyo geji ya upepo na pampu inayotumia umeme wa gari si anasa. Bila pampu, usithubutu kushusha.

Miiba. Migunga ya Karamoja ina miiba mirefu migumu na wafugaji huikata kujengea maboma, basi matawi yake yako barabarani. Mwiba ukiingia kwenye uso wa tairi lisilo na tyubu, mara nyingi unajiziba wenyewe. Usiung'oe porini kwa furaha ya kuuona. Pima upepo asubuhi na jioni, ung'olewe mjini palipo na fundi. Ukiingia ubavuni, hakuna kamba ya kuziba itakayoshika, tairi hilo limekwisha. Ndiyo sababu nasema spea mbili. RAV4 inabeba moja mlangoni, ya pili funga juu ya paa, kamili na rimu yake.

Mawimbi ya barabara yana kasi yake. Ukienda 25 utatetemeka hadi meno, ukienda 65 gari linaelea na dereva anadanganyika, kwa sababu akikanyaga breki halishiki. Kwa RAV4 iliyojaa watu wanne na mizigo, tulia 40 hadi 50. Shokabu zikipata moto zinalainika, gari linaanza kuyumba mkia. Ukihisi hivyo simama dakika 20, usiendelee. Kila jioni kaza nati za magurudumu, shika betri uone kama inacheza kwenye kishikio chake, na tikisa mabomba ya paa. Mawimbi hufungua kila kilichofungwa kwa haraka.

Chujio la hewa toa kila jioni, ligonge taratibu kwenye kiganja, kisha lipulize kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalisukumia vumbi ndani ya karatasi. Usilifue. Nunua jipya moja uweke kwenye buti.

Jeki: beba na kipande cha ubao, unene wa vidole vitatu, ukubwa wa sahani. Bila ubao, kwenye mchanga jeki ndiyo inayoshuka, gari halipandi. Ongeza koleo, kamba ya kuvutia gari, lita 10 za maji ya rejeta mbali na ya kunywa, mkanda wa feni, fyuzi, na waya. Maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku.

Mafuta. Moroto, Kotido na Kaabong yapo, lakini siku nyingine pampu haina kitu, kwa hiyo hesabu kana kwamba hayapo. Moroto hadi Kidepo 250, kuzunguka ndani ya hifadhi weka 150, Kidepo hadi Kitgum 150. Jumla 550. Kwa barabara hizo RAV4 itakula kama lita 13 kwa kilomita 100, ni lita 71 na kidogo. Tangi lako ni lita 60. Basi jerikeni moja ya chuma ya lita 20, juu ya paa, si ndani mnamopumulia, na usiijaze hadi mdomoni. Acha nafasi kama ya lita moja kwa sababu joto huvimbisha petroli. Tangi likipungua kwa lita 20 tu, mimina yote ndani. Hakuna sababu ya kuzunguka na petroli kichwani siku tatu. Na kila mkikuta pampu inayofanya kazi, jaza.

Mama Simsim

Wenzangu wameshughulika na gari, nami niseme ya miji.

Moroto laleni siku mbili. Mji umekaa chini ya mlima wenye jina hilo hilo, mita 3,083, na mlima uko mashariki. Maana yake asubuhi ukuta wa mlima uko kivulini, hauonyeshi chochote. Kuanzia saa kumi jioni jua linaupiga uso kwa uso na kila korongo linajitokeza, moja moja, hadi giza. Kaeni mahali penye kiti saa hiyo. Asubuhi itumieni kutembea mjini: kuna mtaa unaitwa Camp Swahili, una Juu na una Chini, na Kiswahili chenu kitafanya kazi vizuri sana hapo. Kuna pia makumbusho ya Karamoja. Watu hawajui kwamba milima hii ilitoa mabaki ya Morotopithecus, sokwe wa kale wa miaka milioni 20 hivi iliyopita, aliyepewa jina hilo mwaka 1997. Ukishalijua hilo, mawe ya Moroto na Napak hutayatazama tena kama mawe tu. Napak yenyewe ni volkano ya kale iliyoliwa na mvua na upepo, kimebaki kiini.

Kupanda mlimani au kuingia makorongo yake, msiende wenyewe. Juu wanaishi Watepeth, na kuna njia za mifugo. Tafuteni kiongozi wa hapo, na mtoe taarifa wilayani kwanza.

Namalu wengi hawaiangalii. Shukeni. Iko chini ya Kadam, inapata mvua kuliko jirani zake, na baada ya saa nzima ya vichaka vya miiba unakuta mahindi na ndizi ghafla. Nunueni matunda hapo, mbele hayapatikani kwa urahisi.

Kotido ni mji wa Wajie. Karibu nayo kuna Nakapelimoro, manyata kubwa sana, boma ndani ya boma, na milango midogo ambayo lazima uiname hadi mgongo ulale. Milango hiyo imewekwa chini makusudi, mgeni aingie kichwa kwanza. Usiingie bila kiongozi, na mkubaliane malipo ya kijiji kabla ya kutoka garini, si mkiwa ndani mmezungukwa na watoto. Picha vilevile: omba, kubalianeni, lipa, piga. Kwa mpangilio huo. Askari, kambi, vizuizi na machimbo ya dhahabu upande wa Rupa, karibu na Moroto, msipige kabisa.

Salamu ni "Ejoka?" na asante ni "Alakara". Mzee ukimsalimia mwanzo kwa lugha yake, hata mazungumzo ya bei yanakuwa mengine.

Mkitaka kitu cha kubeba, nunueni ekicolong, kile kigoda kidogo cha wanaume. Ni kiti mchana na mto wa kichwa usiku, kimechongwa kipande kimoja cha mti, kina ukanda wa ngozi wa kukibebea. Kipime mkononi. Kikiwa kizito kupita umbo lake, mti bado mbichi, na kikikaa wiki mbili kwenye nyumba ya Kampala kitapasuka kutoka juu hadi mguuni. Kilichotumika kina weusi wa mafuta ya mwili pale kichwa kinapolala na sauti kavu ukikigonga kwa kucha. Hicho ndicho.

Kaabong kwa safari yenu ni chai na mafuta. Ni nchi ya Wadodoth, watu wema, lakini siku ile mtakuwa na haraka ya kufika Apoka, makao makuu ya hifadhi ya Kidepo, mchana. Pesa toeni Moroto, noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000, na nyingine mziweke kwenye simu, maana ada za hifadhi msitegemee kulipa kwa noti mlangoni. Laini za simu mbebe mbili tofauti, na ramani mzipakue kabla.

Jicho la Gulu

Mimi ningeugeuza mzunguko. Anzeni Gulu na Kitgum, mmalizie Moroto na Mbale. Sababu: siku za mwisho gari limechoka, watu wamechoka, ni heri uchovu huo uukute kwenye lami ya Moroto hadi Mbale, penye mafundi wengi. Na upande wa Kitgum mtanunua mapema odii, ile siagi ya simsim na karanga, na moo yaa, mafuta ya shea ambayo mtapaka ngozi safari nzima. Hewa ya Karamoja inapasua midomo.

Mpanda Kadam

Ndugu, hoja yako ni nzuri kwa Januari. Kwa mwisho wa Machi naipinga. Swali la kujiuliza ni hili: mvua ikianza mkiwa Kidepo, mlango wa karibu wa kutokea ni upi? Ni kupitia mji mdogo wa Karenga kwenda Kitgum, kama kilomita 150, kisha lami. Wakigeuza mzunguko, watakuwa na kilomita 250 za Kaabong na Kotido mbele yao, na laga zote, wiki ambayo mvua ina uwezekano mkubwa zaidi kuliko ile waliyoanzia. Sehemu mbaya ifanyeni mapema, ingali kavu.

TaaZaMbele

Nashukuru sana wote, mama na ndugu zangu. Nimeongeza siku ya tisa kazini. Maswali mawili tu yamebaki. Kwanza, usalama: tunasikia habari za wizi wa mifugo, tufanyeje hasa? Pili, Kidepo kwenyewe, mbali na Narus, upande gani una ile sura ya jangwa?

Mpanda Kadam

Usalama. Kuanzia Julai 2021 jeshi liliendesha operesheni ya kukusanya silaha iliyoitwa Usalama Kwa Wote, na barabarani mtakuta vizuizi. Punguza mwendo mapema, shusha vioo, vua miwani, salimia kwa Kiswahili. Wizi wa mifugo unawalenga wenye mifugo, lakini risasi haichagui, ndiyo maana hali ya wiki iliyopita haikusaidii. Asubuhi ya kuondoka Moroto ulizeni watu watatu tofauti: ofisi ya wilaya, kambi ya jeshi, na dereva wa basi au lori aliyefika jana yake kutoka Kotido. Huyo wa tatu ndiye ana habari mpya. Wakitofautiana, fuateni yule anayesema msubiri. Mkiona kundi kubwa la ng'ombe linakimbizwa bila watoto na bila mbwa, geuzeni gari.

Kidepo. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,442 na mabonde mawili, na watu wengi huliona moja. Narus ndiko kwenye maji na nyati. Vukeni kaskazini kwenye bonde la Kidepo: mto wenyewe ni mchanga mweupe mpana, mitende ya mivumo imesimama kingo zote mbili, na mnaweza kushuka mkatembea ndani ya mto mkiwa na renja. Jina lenyewe linatokana na neno la kuokota, watu walikuwa wakija kuokota matunda ya mivumo hiyo. Mbele zaidi ni Kanangorok, chemchemi za maji moto karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Mbuni wako huko. Muwe na renja mwenye silaha, mtoke Apoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mrudi kabla ya jua kali, kwa kuwa kule hakuna kivuli cha kubadilishia tairi. Mwendo ndani ya hifadhi usizidi 40, na usiku hakuna kuendesha.

Kwa siku tisa gawanyeni hivi: Sipi usiku mmoja, Moroto miwili, Kotido mmoja, Kidepo miwili, Gulu mmoja. Hiyo ni saba, mnarudi Kampala siku ya nane, na ya tisa ndiyo ile tupu. Msiiweke Kidepo mapema kwa tamaa. Ibebeni mkononi hadi mtakapovuka laga ya mwisho kabla ya Karenga.

Fundi Spana

Nyongeza moja. Kabla ya kuondoka Kampala, shusha spea zote mbili chini na ujaribu spana ya magurudumu kwenye kila nati. Gereji hukaza kwa mashine ya upepo, na spana fupi iliyokuja na gari haiwezi kuzifungua. Kama nati moja inagoma, fungueni zote, mzikaze tena kwa spana badala ya mashine, na mnunue bomba la chuma la urefu wa mkono la kuchomeka kwenye spana. Hili lifanyeni Ijumaa.